Nenda Yalipo Macho Yake

Keko, Dar es Salaam
3 Februari 1974

Shangazi Filomena,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepona na unatembea bila fimbo. Sie huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila unga umekuwa wa kupanga foleni tangu alfajiri, na ukiupata ni ule wa njano ambao Nikodemu anasema unanuka gunia. Kazi yake ya useremala inakwenda vizuri. Amepata oda ya madawati, karakana imejaa mbao mpaka mlangoni. Mama Mwishehe mwenye nyumba wetu anakusalimu kama anayekujua, kwa jinsi ninavyokutaja.

Rosalia atatimiza miaka mitano mwezi wa sita. Amerefuka, anakula, haumwi.

Shangazi, sijui nianzie wapi. Mtoto huyu haitiki. Nikimwita “Rosa! Rosa!” ni kama naliita jiwe. Nilimpeleka kwa daktari, akampigia kengele nyuma ya kichwa, akaniambia masikio hayana kasoro. Kweli hayana, maana kifuniko cha sufuria kikianguka nyumba ya tatu yeye hapa anaziba masikio na kulia. Lakini jina lake hapana. Hanitazami usoni. Juzi ndege ilipita chini sana, watoto wote wa uani wakainua vichwa, nami nikamwonyesha kwa kidole, “Rosa, ona ndege ile!” Yeye akatazama uzi uliokuwa umechomoza kwenye mkono wa blauzi yangu. Hachezi na wenzake. Hasemi neno, anavuma tu kama nyuki. Mwalimu wa chekechea alinirudishia baada ya siku tatu, akasema mtoto alikaa ameelekea ukutani, akicheza na mwanga wa dirisha.

Majirani wana yao ya kusema. Sitayaandika.

Nilikuwa nafikiri, hewa ya huko Ndanda ni nzuri kwa watoto. Na wewe ni mwalimu, una subira. Nimefikiri tu.

Nisalimie binamu zangu wote, mzee Polikarpo wa kanisani, na wanafunzi wako wa kisomo.

Ni mie mwanao,
Bernadeta


Ndanda
1 Machi 1974

Mwanangu Bernadeta,

Marahaba, na milele amina. Barua yako imefika imelowa, wino umetembea, lakini nimeisoma yote. Mguu umepona nusu. Ile nusu nyingine naiachia Kwaresima.

Huku tuko katika kuhamia kijijini. Nyumba zinajengwa kwa mstari, shule haina paa bado, nafundisha kisomo cha watu wazima chini ya turubai. Mzee Polikarpo ana miaka sabini, juzi ameandika jina lake kwa mara ya kwanza, akaenda kulionyesha kwa mbuzi wake kwa sababu mkewe alikuwa mtoni. Baba yako hajambo. Najua hukuuliza.

Sasa tuzungumze. Hewa ya huku ni ile ile uliyoiacha, ya vumbi. Kama unataka nimchukue mtoto, andika, “Shangazi, mchukue.” Mimi ni dada wa baba yako, sihitaji kuzungushwa. Nitamchukua, chumba kipo. Ila kabla ya hapo nifanyie jambo moja kwa miezi miwili.

Umeniandikia mambo chungu nzima ambayo Rosalia hayatazami. Uso wako hautazami, ndege haitazami, wenzake hawatazami. Hukuniandikia hata moja analolitazama. Mtoto ana macho mazima, hawezi kushinda kutwa hatazami kitu. Uzi wa blauzi yako aliuona, wewe hukuuona. Anatazama nini?

Nakujua, bila shaka unamshika kidevu unamgeuza. Acha. Usimgeuze uso. Nenda yalipo macho yake. Kaa ubavuni pake, si mbele yake, utazame kile anachokitazama, ukae mpaka ukione kwa jinsi anavyokiona yeye. Usimuulize kitu. Usimwonyeshe kitu. Ukichoka, kaa bado.

Utaona ni ushauri wa kijinga. Na usiniulize nimeujua wapi.

Msalimie mkwe wangu Nikodemu, na huyo Mama Mwishehe.

Shangazi yako,
Filomena


Keko
24 Machi 1974

Shangazi,

Shikamoo. Sie wazima. Mvua zimeanza na Keko yote ni tope, wateja hawaji.

Nimekusikia, japo nilikasirika. Kumshika kidevu kweli nilikuwa namshika. Na siku moja nilimpiga kofi ili anitazame. Alilia akitazama ukuta. Hilo sikumwambia hata Nikodemu.

Anatazama maranda, Shangazi. Nikodemu anapopiga randa, yale maganda membamba yanayojikunja na kuanguka. Rosalia hulala chini ya meza ya baba yake kutwa nzima akitazama yanavyoanguka. Nilikuwa namtoa kila mara, kwa sababu ya vumbi na misumari, na kwa sababu ya wateja, watasema nini. Jumatatu sikumtoa. Nikatandika gunia, nikalala ubavuni pake. Nikodemu akauliza, “Mama Rosa, unaumwa?” Nikamwambia niache.

Siku ya kwanza niliona maranda tu. Siku ya pili hivyo hivyo, na mgongo ukaniuma. Siku ya nne jua lilikuwa limetoka kidogo, ganda la mninga likaanguka katikati yetu na mwanga, nikaona ndani yake kuna mistari myekundu, kama mishipa ya sikio la mtoto mchanga unapomwinua juani. Sikuwahi kujua. Nimeolewa na fundi miaka saba.

Yeye hakufanya lolote. Hakunitazama. Nakuandikia tu kwamba nimefanya.

Jambo jingine. Uliniandikia habari za baba. Naomba usirudie. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mama yangu yuko kwenye sanda, watu wote wanalia, na mtu yule akatazama chini na kusema kwa sauti, “Shimo halikunyooka.” Hakudondosha chozi. Hakunishika mkono. Sina la kuuliza juu yake.

Nikodemu hana mengi ya kusema siku hizi.

Wako,
Bernadeta


Keko
19 Mei 1974

Shangazi mpenzi,

Shikamoo sana. Sijapata jibu, na wanasema Rufiji imefurika, pantoni haivuki, barua za kusini zimelala njiani. Naandika hivyo hivyo, maana nikikaa na jambo hili moyoni nitapasuka. Sie sote ni wazima. Mama Mwishehe aliumwa homa, amepona, anauza vitumbua tena.

Kuna kitu sikukuandikia mwezi wa tatu. Nikodemu na ndugu yake Kasimiri walikuwa wamepatana. Kasimiri anakwenda Mtwara kwa meli, basi angemchukua Rosalia ampeleke Newala kwa mama mkwe, “akatengenezwe.” Ni neno lao. Mimi nilikubali. Nilikubali, Shangazi, ndiyo sababu sikuandika. Nilifunga nguo zake mwenyewe.

Kasimiri alikuja Jumamosi saa nne asubuhi na tiketi. Nguo ziko kwenye kikapu mlangoni. Nikodemu akasimamisha randa, akaita, “Rosa, toka, baba mdogo amekuja.” Akaita tena. Kasimiri akasema, “Mvute tu mguu, meli haingoji.”

Nikasema, “Ngoja nimtoe mimi.” Nikaingia chini ya meza kumtoa, lakini nikalala kama ilivyokuwa kawaida yetu. Nilitaka dakika moja tu kabla hajaenda. Alikuwa ameshika ganda refu, limejikunja mara nyingi bila kukatika. Alilinyoosha kwenye mwanga, likajirudi. Akalinyoosha tena. Halafu akaliweka kiganjani mwangu. Akalitazama lile ganda. Akanitazama mie. Machoni, Shangazi. Akalitazama tena ganda, akanitazama tena, kama anayeuliza, “Umeona?”

Nikasema, “Nimeona, mama. Nimeona.”

Nikodemu alikuwa amechutama kutuangalia, na yote aliyaona. Kasimiri akauliza, “Vipi, tunakwenda?” Nikodemu akainuka, akajifuta maranda magotini, akamwambia, “Nenda salama, ndugu yangu. Mwanangu ana kazi hapa.”

Kasimiri aliondoka amenuna. Nikodemu akarudi kupiga randa, lakini pole pole, akawa anatoa maganda marefu, moja moja, na kuyaangushia upande wetu.

Kile kikapu nilikifungua jioni, nikazikunjua nguo zake zote na kuzirudisha kamba ya chumbani. Asante, Shangazi. Naandika asante na naona neno lenyewe ni dogo.

Bernadeta


Ndanda
20 Juni 1974

Mwanangu, mama yangu,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, zimefungwa kamba pamoja, kama mgonjwa na dawa yake. Nilizisoma kwa mpangilio wa tarehe nikashukuru kwamba nilifanya hivyo. Nilipofika kwenye ganda la mbao niliweka miwani chini. Mwambie Nikodemu kwamba sasa namwita mwanangu, si mkwe.

Huku tumevuna mtama kidogo. Shule imepata paa. Mguu umepona wote.

Uliniomba nisirudie habari za baba yako. Nitarudia mara moja hii, uchane barua ukipenda.

Baba yako, Romani, alikuwa hivyo hivyo kama Rosalia. Hakusema neno mpaka alipofika miaka sita. Baba yetu alimpiga kwa sababu aliwaamkia wazee akitazama miguu yao. Wakamfunga hirizi, wakambatiza mara ya pili kwa siri, hakuna kilichobadilika. Mimi nilikuwa na miaka minane, nikapewa kazi ya kumchunga. Nilimvuta huku na huku mpaka nikachoka, basi siku moja nikakaa tu. Alikuwa anatazama siafu. Nami nikatazama siafu. Masika yote tulitazama siafu, mwanangu, nikawajua wanaobeba na wanaolinda njia. Siku moja alisogea kidogo kwenye jiwe alilokalia, ili nipate pa kukaa. Sijapata kupewa kiti kizuri kuliko kile. Basi hapo ndipo nilipoujua ushauri ule.

Kwa nini sikukuambia mwezi wa tatu? Kwa sababu barua zako zinasomwa nyumbani, na ningeandika hayo, watu wa mumeo wangesema mbegu mbovu imetoka kwetu. Nilikuwa sijui Nikodemu ni mtu wa namna gani. Sasa najua.

Na lile la kaburi. Nilikuwepo. Shimo kweli lilikuwa limepinda, walichimba kwa haraka mvua ikinyesha. Kesho yake, ninyi wote mkiwa matangani, Romani alichukua jembe na uzi wa kupimia akaenda peke yake. Alinyoosha kingo za kaburi la mama yako siku tatu, bila kula. Watu walisema amerukwa na akili, nami nikafunga mdomo, na hilo ndilo kosa langu kwako. Ilinipasa nikushike mkono, mtoto wa miaka kumi na miwili, nikupeleke ukaone. Nilikuacha na maneno yake bila kukuonyesha kazi yake. Nisamehe.

Tulipohamia kijijini alikataa kuacha kiwanja cha zamani, lilipo kaburi. Mwenyekiti alikuja, akaona, akasema mzee alale kijijini lakini kila asubuhi aende. Kila asubuhi anakwenda. Ni mwendo wa saa nzima.

Yote nimeyasema.

Filomena


Keko
30 Agosti 1974

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako sikuichana. Ilikaa chini ya godoro wiki sita. Nikodemu aliniuliza mara moja, nikampa akaisoma, akanirudishia akasema, “Mzee wa watu,” basi.

Rosalia amesema neno. Nikodemu alikuwa anachagua mbao, ameshika ubao wa mninga, akasema kama kawaida yake ya kujisemesha, “Huu nao mninga,” na sauti chini ya meza ikasema, “Mninga.” Ikarudia mpaka jioni. Sasa ana mninga, mvule, uji, na “bado.” Neno “mama” hajalisema. Nilisikitika kidogo, nikaona sina haki ya kusikitika.

Usidhani mambo yote ni mteremko. Siku ya Saba Saba nilimpeleka kuona gwaride, matarumbeta yalipoanza akajitupa chini, akajing'ata mkono hadi damu. Mtu mmoja akasema mtoto huyu hakufundwa. Nilimbeba mgongoni mpaka Keko, ananipiga teke njia nzima. Zamani ningelia kwa aibu. Safari hii niliona tu kwamba nilimpeleka mahali penye kelele kuliko masikio yake.

Binti wa Mama Mwishehe, Fatuma, amekuwa anakuja chini ya meza. Nilimfundisha kukaa ubavuni, asimsemeshe. Ana miaka saba na anajua kunyamaza kuliko mimi. Juzi niliwakuta wanapanga maranda kwa rangi, yeye analeta, Rosa anapanga. Fatuma akikosea, Rosa anasema “bado,” na Fatuma anacheka, anatafuta jingine.

Shangazi, baba anakula nini siku hizi? Nani anampikia?

Bernadeta


Ndanda
29 Septemba 1974

Mwanangu,

Nampikia mimi. Anakula ugali na kisamvu, siku zote kisamvu, ukibadilisha mboga anaondoka mezani. Shati moja la kaki, lingine hataki. Wakati wa korosho watu wanamletea magunia achambue, hakuna mbovu inayompita.

Nilimsomea barua yako yote, pamoja na mahali ulipouliza. Aliendelea kuchambua korosho. Nikadhani hakusikia. Baada ya muda mrefu akauliza, “Mninga au mkongo?” Nikamwambia, mninga. Akasema, “Mninga ni sawa.”

Njooni Krismasi. Barabara huwa haijafungwa bado. Usiahidi lolote, wala usitegemee lolote. Njooni tu.

Filomena


Keko
12 Januari 1975

Shangazi yetu,

Shikamoo mara nyingi. Tumefika salama, siku mbili njiani, Rosa alitapika Kibiti na akalala Mbagala tulipokaribia kabisa nyumbani. Nikodemu amekuta wateja wamemsubiri. Vyungu ulivyotupatia havikuvunjika hata kimoja. Mama Mwishehe amepokea korosho zake, anasema sasa kweli anakujua.

Ulituona tulipokuja na ulituona tulipoondoka, sina haja ya kukusimulia nyumba yako mwenyewe. Uliona jinsi wale wawili walivyokaa barazani siku nne, babu huku na mjukuu kule, hawaongei, hawatazamani, na siku ya tano gunia la korosho likawa katikati yao na mikono minne ndani yake. Ulicheka mpaka ukaingia jikoni.

Ila kuna asubuhi moja hukuwepo, ile ya siku moja kabla ya safari. Uliniuliza nilikwenda wapi, nikakwambia kutembea. Sikuweza kusema wakati ule.

Nilimfuata kaburini. Sikumwomba ruhusa, nilitembea nyuma yake tu ile saa nzima, na Rosa mgongoni. Hakugeuka, lakini kwenye mto aliniwekea jiwe la kukanyaga. Shangazi, kaburi lile! Kingo zimenyooka kama zimepigwa rula. Hakuna jani lililojitokeza. Miaka kumi na mitano. Nilisimama nikaona aibu, na furaha, vyote pamoja.

Alichutama akaanza kung'oa majani machanga, yale ya usiku mmoja. Nikakaa ubavuni pake. Sikumtazama. Nilitazama alipotazama, nikaanza kung'oa nami, nayaweka pale anapoyaweka. Rosa alikuwa anafuatisha ukingo kwa kidole, anavuma.

Tulifika katikati, ndipo akasema. Hakuinua uso. Alisema hivi, nayaandika kama alivyoyasema:

“Siku uliyopanda lori kwenda Dar ulivaa gauni la bluu. Kifungo cha pili kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Niliingia ndani kuchukua sindano. Niliporudi lori limeondoka.”

Shangazi, siku ile unaikumbuka. Nilikuwa juu ya lori na miaka kumi na saba, nikamwona baba yangu akinipa mgongo na kuingia ndani bila kuniaga. Niliubeba mgongo ule mpaka Dar es Salaam, na nimekaa nao miaka yote hii. Kumbe alikuwa amekwenda kutafuta sindano.

Niliendelea kung'oa majani pamoja naye, upande wake, mpaka yalipoisha. Halafu akasimama, akakitazama kidole cha Rosa, kilichokuwa kimefika kwenye pembe ya kaburi, akamngoja amalize.

Asante, Shangazi. Ni wewe uliyekaa masika nzima ukitazama siafu, mtoto wa miaka minane, hakuna aliyekutuma wala kukushukuru. Nakushukuru mimi.

Mwanao,
Bernadeta